Kuonja ni Mwiko

Kuna familia zenye mashamba, kuna zenye majumba, na kuna hii niliyoolewa mimi, yenye rojo la matufaha. Hawana kingine cha kuringia, kwa hiyo wamelishikilia hilohilo, kama mtu mwenye koti moja anavyolivaa hata jua likiwaka. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za huko atokako, ataambiwa kwamba sisi ni watu wa rojo. Atatolewa chupa kabatini, aishike, aigeuze, aitazame kwenye mwanga wa dirisha. Asipoisifu haraka, wifi yangu humsaidia kuisifu.

Wifi yangu huyo ni dada mkubwa wa mume wangu, na watu humwita Mwenyekiti. Alipewa jina hilo kwa dhihaka, yeye akalipokea kama cheo. Ni mwenyekiti wa kina mama wa mtaa, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa vikao vya harusi za watoto asiowajua hata majina. Na tangu mama mkwe wangu alipopooza upande mmoja wa mwili, wifi ni mwenyekiti wa sufuria pia. Mwiko anao yeye.

Huo mwiko ni mti tu, usidhani ni kitu. Mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ncha imeungua upande mmoja, mpini umeng'aa kwa kushikwashikwa. Mama mkwe aliukorogea tangu alipokuwa bibi harusi. Alipougua, Mwenyekiti aliuchukua jikoni, akaufunga kwa kitambaa cheupe, akaenda nao kwake. Sasa huuleta mara moja kwa mwaka, matufaha yakiiva, ukiwa umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari na mkanda umefungwa juu yake. Mama mkwe mwenyewe akipelekwa kliniki hapati heshima hiyo.

Na hayo matufaha nayo yana hadithi yake. Nyuma ya nyumba pana mti mmoja, umepinda, aliupanda marehemu baba mkwe. Mwaka mzuri unatoa ndoo moja ya matunda madogo, makali, yenye madoa. Ndoo moja haitoshi sufuria kubwa, kwa hiyo shemeji yangu, kaka wa mume wangu, muuza matairi, huenda sokoni alfajiri kununua makreti. Mwenyekiti huketi barazani na kisu kidogo akibandua zile karatasi za duara zilizogandishwa kwenye maganda. Akimaliza, husema yote ni ya mti wa baba. Husema hivyo mbele yetu sisi tuliobeba makreti.

Hayo yote ningeyavumilia. Kila nyumba ina uongo wake mdogo, na funika kombe mwanaharamu apite. Lililonishinda ni sheria. Sheria ya rojo ni moja, na Mwenyekiti huitangaza kila mwaka kabla jiko halijawashwa, mkono mmoja kiunoni, mwiko umeinuliwa.

"Kuonja ni mwiko," husema. "Mama alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa mtoto, na kofi lake nikalipata. Kuonja ni mwiko."

Basi hakuna anayeonja. Sufuria la kulisha ukoo mzima linapikwa na watu wazima wenye ndimi zao kamili, na hakuna hata mmoja anayejua kilichomo. Mwenyekiti yeye ameisogeza sheria mbele zaidi: haonji jikoni na hali mezani. "Mpishi hushiba moshi," husema. Hiyo ni methali aliyoitunga mwenyewe, lakini amekwisha kuisema mara nyingi kiasi kwamba shemeji anadhani ni ya wahenga.

Halafu kuna kunong'ona. Rojo likikaribia kuiva, Mwenyekiti huinua mkono, wote tunanyamaza. Anatupa mgongo. Anachota kidogo kwa ncha ya mwiko, anainama, anausogeza mdomoni, kisha anaunong'oneza. Maneno gani, hakuna ajuaye. Akimaliza anaurudisha mwiko sufuriani kama ulivyo. Eti mama alikuwa akifanya hivyo. Mama hakupenda watoto jikoni, lakini wao walichungulia mlangoni, wakamwona ameinama, mwiko mdomoni, mabega yakipanda na kushuka, pumzi zake zikisikika. Wakajua analiombea rojo. Walivyojua, sijui, maana hakuna aliyemuuliza. Katika familia hii kuuliza ni kama kukojoa sebuleni.

Sasa nikwambie ladha yake. Mume wangu ndiye anayekata matufaha, naye hukamulia limau ili yasigeuke meusi. Shemeji akifika hukamulia lake, kwa sababu hakumwona mume wangu akikamua. Mwenyekiti hukamulia lake mwishoni, kwa sababu hakuna kazi anayoamini imefanywa mpaka aifanye yeye. Sukari hupimwa kwa vikombe vya chai vya wageni, vile vidogo vyenye maua. Mama alisema vikombe, haya, ni vikombe. Chini linaungua kidogo, juu linachachuka, katikati ni kama kulamba ufunguo. Kuku wa shemeji wakiona chupa ile wanahama boma.

Lakini mezani ni sherehe. Kila mtu na bakuli lake, Mwenyekiti amesimama kichwani pa meza, mikono kifuani, anauliza, "Vipi?" Na wote kwa pamoja tunajibu, "Limekubali." Hilo ndilo neno la familia. Mimi pia hulisema, maana mume wangu hunikanyaga kidole chini ya meza, naye ni mzito. Hivyo tukamvika wifi yangu kilemba cha ukoka kila mwaka, na kila mwaka akatembea nacho mtaani shingo imenyooka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu tulimsifu mpaka akazitia ndimi zetu ganzi.

Mwaka huu mambo hayakuwa ya kuchekesha.

Mama mkwe anaishi nasi, katika nyumba ileile aliyoolewa. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu nimeiweka chumbani kwake, karibu na dirisha, ili nishone huku nikimwona. Siku nzima tuko wawili. Anaongea, tena vizuri, ila maneno yake huja moja moja, na kati ya neno na neno unaweza kupinda mkono wa shati. Mwenye haraka hayapati. Watoto wake wote wana haraka. Humwuliza, "Mama hujambo?" kisha wakajijibu wenyewe, wakaenda. Ndiyo maana wamekubaliana kwamba akili imemtoka.

Nampenda mama mkwe wangu. Nasema hivyo ili mtu asidhani nina ulimi tu.

Matufaha yalipoanza kuwiva, aliacha kula. Uji aligeuzia uso. Supu ilishuka kidevuni. Muuguzi anayempitia nyumbani alimpima, akamfinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama. Akaniita ukumbini, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Nitarudi Jumatatu," alisema. "Kama hali ni hii, tutamlaza na kumwekea mpira wa puani. Chakula kitapitia humo."

Niliporudi chumbani, mama alinishika mkono wa gauni kwa ule mkono wake mzima, akaukaza. Sikuhitaji maneno. Baba mkwe alimalizikia hivyo, mpira puani, mikono imefungwa kwenye vyuma vya kitanda ili asiuvute. Mama ndiye aliyekaa kando yake. Niliogopa, na nikakasirika kwa sababu sikujua nimwogope nani.

Nilimpigia simu Mwenyekiti. Alinisikiliza kama anavyosikiliza ajenda ndogo.

"Jumamosi tunapika," alisema. "Atakula rojo. Hicho ndicho chakula cha damu yake."

"Wifi, mwaka jana alilitema."

"Mwaka jana alikuwa anaumwa."

Alilitema kwenye kitambaa cha meza, mbele ya watu. Mwenyekiti aliingia jikoni akalia, hilo namkubalia, nilimwona. Alipotoka alikuwa amekwisha kulipatia jibu: mama hajui ladha tena, akili imekwenda. Tangu hapo akawa anaitangaza habari hiyo kwenye vikao vyake vyote, kwa huzuni ya kupendeza. Kutema rojo ndiyo ikawa dalili ya kurukwa na akili. Mimi niliona ndiye mtu pekee mezani aliyekuwa na akili zake.

Jumamosi walikuja. Mwiko ukashushwa garini, makreti yakaingizwa kwa mlango wa nyuma, karatasi zikabanduliwa. Mume wangu akakata, akakamua limau lake. Shemeji akanawa mikono, akakamua lake. Niliwatazama wote wawili, mmoja yuko dirishani, mwingine yuko mezani, nikasema polepole, "Shemeji, limau limeshatiwa."

"Nani katia?"

"Mdogo wako."

Shemeji alitikisa kichwa. "Huyo huwa anasahau."

Mume wangu alikuwa palepale, kisu mkononi. Yeye ni kitindamimba, na hajawahi kumaliza sentensi mbele ya ndugu zake.

Niliwaacha, nikaenda chumbani. Mama alikuwa macho, uso ameuelekeza mlangoni. Harufu ya matufaha yanayotokota ilikuwa imefika. Pua yake ilikuwa ikifanya kazi, niliona mianzi yake ikicheza. Huyo ndiye eti hana ladha.

"Mama, unataka twende jikoni?"

Nilingoja. Ningeweza kupinda mikono miwili ya shati.

"Nipe... kanga safi," alisema.

Nikambadilisha kanga, nikambeba hadi kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamsukuma ukumbini. Kiti kile kinapiga kelele gurudumu la kushoto, kwa hiyo walitusikia tukija, na Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya mlango wa jikoni kabla hatujafika.

"Wifi, mvuke utamdhuru kifua."

"Kifua chake kizima. Muuguzi amekisikiliza juzi."

"Leo si siku ya kubishana. Mrudishe mama akapumzike."

"Amepumzika mwaka mzima," nilisema. "Amechoka kupumzika."

"Atachafua nguo, ataanza kulia mbele ya watu. Unamdhalilisha."

"Jikoni ni kwake, wifi. Sisi wote humu ni wageni wake."

Mwenyekiti alivuta pumzi, na nikajua inakuja hotuba. Aliyetuokoa ni shemeji, na hakutuokoa kwa wema. Yeye hurekodi kunong'ona kwa simu yake kila mwaka, anawatumia ndugu walio mbali, nao wanarudisha picha za mikono iliyokunjwa kama ya kuomba.

"Mwache tu aingie," alisema, simu tayari hewani. "Itapendeza, mama akiwa nyuma hapo. Msogeze kidogo kulia."

Hivyo mama mkwe wangu akaruhusiwa kuingia jikoni kwake, kama pambo la video. Nilimsogeza kulia.

Sufuria lilikuwa likitoa vile viputo vizito vinavyopasuka taratibu. Mwenyekiti alirudi kwenye nafasi yake, akatia limau la tatu, akatia vikombe vyake vya maua, akakoroga. Mama alimtazama bila kupepesa. Alitazama vile vikombe, kisha akanitazama mimi. Sikuelewa bado.

Kisha mkono ukainuliwa. Jikoni kukawa kimya, ila sufuria. Mwenyekiti akatupa mgongo, akachota kwa ncha ya mwiko, akainama, akausogeza mdomoni. Akaanza kunong'ona, shu-shu-shu, mabega yakipanda na kushuka. Shemeji alisogea hatua moja na simu yake. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Siku nyingine ningetazama dari nisicheke, lakini siku hiyo sikuwa na kicheko. Nilikuwa nikiwaza Jumatatu.

"Una... uambia nini?"

Sauti ilitoka kitini. Haikuwa kubwa. Mwenyekiti alishtuka, akageuka na mwiko mkononi, tone la rojo likamwangukia kwenye kiatu.

"Mama?"

"Huo mwiko," alisema mama. "Unauambia... nini?"

"Ninaunong'oneza, mama. Kama wewe."

Mama aligeuza uso kunitazama, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa. Kisha akamrudia binti yake.

"Mimi... nilikuwa napuliza."

"Unapuliza nini, mama?"

"Rojo. Ni la moto." Alipumzika. Hakuna aliyemkatiza, na hiyo peke yake ilikuwa maajabu. "Usipopuliza... utaungua ulimi."

Shemeji alicheka, peke yake. Mwenyekiti alikuwa amegeuka rangi ya maganda. Lakini usidhani mtu wa vikao anashindwa kwa hoja moja. Alijiweka sawa, akaushika mwiko kwa mikono miwili, akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto:

"Mama, umechanganya. Kuonja ni mwiko. Wewe mwenyewe ulisema. Ulinipiga kofi hapahapa."

"Ndiyo," alisema mama. "Kuonja ni mwiko."

Mwenyekiti alitugeukia, uso umejaa ushindi. Angekuwa mtu wa kuchunguza angeona mdomo wa mama bado uko wazi. Maneno yalikuwa njiani. Mimi niliyaona yakija, nikainua mkono wangu, vilevile kama yeye anavyoinua wake, na familia nzima ikanyamaza kwa mazoea.

"Kupima ni kikombe," alisema mama. "Kuonja... ni mwiko. Siyo kidole."

Nilielewa kwanza mimi, halafu mume wangu, nilimwona akifumbua macho. Kupima ni kikombe, kuonja ni mwiko. Ni maneno ya mpishi anayemfundisha mtoto. Hiki ni cha kazi hii, kile ni cha kazi ile. Mtoto alishika nusu ya pili tu, akaondoka nayo, akakua nayo, akaijengea hekalu.

"Ulitia kidole," mama aliendelea. "Ulikuwa umetoka... kwenye matope. Nikakuchapa. Ni kidole tu."

Mwenyekiti alitazama kidole chake. Ni mwanamke aliyevuka miaka sitini, mwenye wajukuu, anayepanga foleni za maji za mtaa mzima, na alikuwa amesimama anatazama kidole chake cha shahada kama kwamba tope bado lipo. Dharau iliniishia kidogo hapo. Sikuipenda hali hiyo, maana nimeizoea dharau yangu.

"Lete," alisema mama, akanyoosha mkono mzima kuelekea mwiko.

"Mama, utalitema," alisema Mwenyekiti. Sauti yake ya vikao haikuwepo. "Utalitema tena."

"Lete."

Mwenyekiti hakumpa. Alibaki ameushika, akautazama, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliuchovya upya, akauinua mdomoni, akapuliza. Fuu, fuu. Halafu akaonja.

Nimewaona watu wakimeza vidonge vichungu. Nimemwona mume wangu akimeza maneno yake. Sijawahi kuona uso ukipambana vile. Macho yalijaa maji, mashavu yakaingia ndani, koo likakataa, likalazimishwa. Akameza. Akachovya tena, akaonja tena, maana hakuamini. Huyu si mtu ambaye hakujua rojo zuri. Alilila rojo la mama yake utotoni mwake mwote. Alijua hasa alichokuwa amekosa.

"Ndilo hili?" aliuliza. "Kila mwaka ni hili?"

Mume wangu alichunguza dari. Shemeji alikumbuka simu yake, akaishusha, ingawa hakuizima.

"Mlisema limekubali," alisema Mwenyekiti.

"Tulisema," nilijibu.

Nilikuwa na mengine. Nilikuwa nimeyaweka akiba majibu matamu, ya limau, ya makreti, ya kuku. Nilingoja apaze sauti tu niyamwage yote pale sakafuni. Hakupaza. Alikuwa anamtazama mama yake, na midomo ilikuwa ikimtetemeka kama ya mtoto aliyechapwa.

"Alikuwa analitema kwa sababu ni baya," alisema, polepole. "Na mimi nikawaambia watu hana akili."

Hata mama alimwacha nalo.

Mimi nilikwenda chumbani. Kando ya kitanda cha mama, juu ya kiti, kipo kikombe cha bati, kikubwa, kimechubuka rangi, anachonywea maji. Nimekiosha kila siku na sikuwahi kujiuliza kinatoka wapi. Nikamwaga maji, nikakikausha kwa pindo la gauni, nikakipeleka jikoni, nikakiweka mezani kando ya vile vyenye maua. Kimoja cha bati kingemeza vinne vya wageni.

"Hicho," alisema mama. "Kikombe."

Mwenyekiti alikitazama, akafumba macho. Kisha akakijaza sukari, akaimwaga sufuriani, na akasimama akingoja. Sijawahi kumwona akingoja mtu. Akakoroga, akachota, akapuliza, akainama mbele ya kile kiti, akamlisha mama kwa ncha ya mwiko.

Mama alikunja uso. "Bado."

Kikombe kingine, na maji kidogo, na moto ukapunguzwa kwa sababu mama alinyooshea jiko kidole na kutikisa kichwa. Akapuliziwa, akaonja.

"Bado."

"Nani katia limau?" aliuliza Mwenyekiti bila kugeuka.

"Mimi," alisema mume wangu.

"Na mimi," alisema shemeji.

"Na mimi," alisema Mwenyekiti, akatia kikombe kingine.

Mara ya tatu mama hakusema kitu. Alionja, akafunga mdomo, na ule mkono wake mzima ukaushika mpini wa mwiko. Mwenyekiti akauvuta kwa upole ili achote zaidi. Mama hakuuachia. Alikuwa akiulamba, upande mmoja, kisha upande mwingine, pale penye ncha iliyoungua, na mimi nilikuwa nikitazama koo lake. Koo lilishuka na kupanda. Likashuka tena. Nilishika ukingo wa meza.

Alikula bakuli zima. Jioni akataka tena. Muuguzi alipokuja Jumatatu, ule mpira ulibaki ndani ya mkoba wake, na kabla hajaondoka alipewa chupa aitazame kwenye mwanga, maana hii bado ni familia ileile. Angalau chupa hiyo mtu angeweza kuifungua.

Lakini nataka nimalizie pale mezani, Jumamosi hiyohiyo. Tulikaa kama kawaida, kila mtu na bakuli lake, mama akiwa kichwani pa meza kwa mara ya kwanza tangu augue. Mwenyekiti hakusimama. Alivuta kiti, akaketi kati yetu, akajipakulia. Hakuuliza "Vipi?" Mwiko ulikuwa mezani mbele ya mama, bila kitambaa, una rojo mpaka mpinini.

Shemeji yangu hawezi kimya. Kijiko chake bado kilikuwa hewani, hakijafika hata kwenye kidevu, alipoitikia swali ambalo hakuna aliyeuliza.

"Limekubali," alisema.

Mwenyekiti alimtazama.

"Onja kwanza," alisema.